Mwalimu Anasema Baza Ni Feki

Wacha niseme hili kwanza nilitoe rohoni: Mwalimu hajawahi kuniomba msamaha, na mimi sijamsamehe. Tukishaelewana hapo, naweza kumweleza vizuri.

Ni mrefu, mwembamba, ameinama mbele kidogo kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Anavaa koti la suti hata jua likiwa la kukaanga njugu, na kwenye mfuko wa juu wa koti hakuna kalamu. Kuna kibano, kama kile sisi wengine tunatumia kwa nyusi. Alitufundisha fizikia sekondari. Alipostaafu, badala ya kwenda nyumbani kugombana na majirani juu ya mpaka wa shamba kama wazee wenzake, alikodi chumba nyuma ya soko hapa Kakamega, kati ya mama wa kusuka nywele na duka la dawa za mifugo, akaanza kutengeneza bodi. Bodi ni ile sahani ya kijani unayoikuta ukifungua redio, ina vitu vimesimama juu yake kama mji mdogo. Mafundi wengine wanafufua bodi za watu. Mwalimu anachora zake mwenyewe, kwa kompyuta, kulingana na shida yako. Una pampu ya maji inayokusumbua, taa za kanisa, mashine ya kuangulia vifaranga: unamwendea, unaeleza, anakutazama mdomo mpaka umalize, halafu anakuambia, "Rudi Ijumaa."

Hasemi Ijumaa gani.

Mimi ananiita Wewe wa Dirishani, kwa sababu darasani nilikaa dirishani na nilipenda kutazama nje. Nina mtoto, nina kazi, watu wazima wananiita Mama Mmbone, lakini kwake bado nimekaa dirishani. Kila mtu aliyepita mikononi mwake amebaki pale alipomwacha. Kuna mtu mzima mwenye lori mbili za kubeba miwa, Mwalimu anamwita Sufuri mbele ya wafanyakazi wake.

Wengi hufikiri kutengeneza bodi ni kulehemu, ule moshi na ile risasi inayoyeyuka. Mwambie hivyo Mwalimu uone dharau. "Kulehemu ni kusonga obusuma," anasemanga, yaani ugali. "Kazi iko kwa kuchagua mahindi."

Na kweli anachagua. Vipuri vyake vinaletwa kutoka Mumias na mkwe wake, mwanamume mpole mwenye kofia, aliyeoa binti ya Mwalimu. Anakuja na pikipiki, sanduku limefungwa nyuma, anasimama mlangoni: "Asalaam aleikum, Baba." Haingii mpaka aitwe. Mwalimu anamwaga sanduku zima kwenye uteo, ule wa kupepetea maharagwe, anachukua kioo cha kukuza, na hapo basi. Kama ulikuwa na haraka, nenda ukajifungue urudi.

Anaanza na kapasita, vile vipipa vidogo vinavyotunza umeme kama tangi linavyotunza maji. Kazi yako ikihitaji kipipa cha kawaida, yeye anataka cha kubeba mara mbili. "Stima ya hapa ni mlevi," anasema. "Haiji na kipimo. Chagua pipa linaloweza kupigwa teke." Anavinusa. Naapa ananusa. Kikinuka kama samaki, kimewahi kuchemka, kinatupwa. Rezista, vile vijiti vyenye mistari ya rangi vinavyopunguza umeme, zinakuja zimebandikwa kwenye ukanda mmoja, zote sawa, lakini anazipima moja moja. "Ndugu wa tumbo moja," anasema, "lakini lazima mmoja ni mwizi." Rilei, yaani swichi inayojiwasha yenyewe, anaiunganisha na betri, anaikandamiza kwenye mfupa wa taya, anafumba macho, anangoja igonge. Nilipoona hilo mara ya kwanza nilidhani ndio utaalamu. Nikasema moyoni, huyu ni daktari.

Na hachori tundu hata moja kabla hajashika kifaa chenyewe na kupima miguu yake. Ana sababu. Zamani alichora bodi kwa kusoma vipimo kwenye mtandao tu, akaagiza zitengenezwe ng'ambo, zikaja boksi zima, nzuri, zinang'aa. Ndipo akagundua rilei zinazouzwa huku zina miguu iliyopanuka kuliko ile ya mtandao. Hakuna hata moja iliyoingia. Sasa kila kikombe cha chai pale kwake kinakaa juu ya bodi ya kijani. Ukimuuliza, anakuambia ni visahani. Alizipa wageni wa harusi ya binti yake. Mkwe anazo nyumbani Mumias, kaziweka kabatini pamoja na vikombe vya heshima.

"Ubao ni ndoa," ndio msemo wake mkubwa. "Usitoboe tundu kabla hujajua mguu wa nani unaingia."

Kwa kuchagua vipuri ni mtakatifu, nje ya uteo ni mtu wa ajabu tu. Analaani vipuri feki kama mhubiri, lakini saa yake ya dhahabu inamwacha na mkono wa kijani. Alitufundisha kwamba kila kamba ipewe nusu tu ya mzigo wake, halafu anapanda bodaboda wakiwa wanne, yeye wa mwisho, koti linapepea. Anahubiri subira, lakini chai ikichelewa kidogo anasema mama wa nywele amekosa adabu. Analalamika wanawake wa siku hizi hawasemi, wanatikisa midomo tu. Analalamika birika la siku hizi halipigi mluzi. Zamani alikuwa anawapeleka wanafunzi msitu wa Isecheno kusikiliza ndege, anawataja mmoja mmoja bila kuwaona. Siku hizi anasema ndege wa Isecheno wamekwisha, serikali imewauza. Aliwahi kubishana na mtembeza wageni wa pale mpaka akaambiwa, "Mzee, mulembe, nenda nyumbani kwa amani."

Na huyu ni mtu ambaye darasani alikuwa anasikia mtu akitafuna muwa safu ya nyuma akiwa yeye ameshika chaki, mgongo kwetu. "Tema," anasema bila kugeuka. Tulimwogopa kwa ajili ya masikio hayo.

Sasa nifike kwangu.

Siku niliyokutana naye sokoni nikiwa na tumbo la miezi, na baba wa tumbo ameshahama na simu yake haipatikani, Mwalimu alinitazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa, akasema, watu wakisikia: "Wewe wa Dirishani. Ulichukua kipande bila kusoma maandishi yake."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa aibu. Nilipofika nyumbani nililia mpaka mtoto akapiga teke. Ningetaka kumwambia kwamba kipande chenyewe kilikuwa na maandishi mazuri sana, Mwalimu, hata wewe ungekiweka.

Lakini ukihitaji bodi Kakamega hii, utaenda kwa nani? Mimi naangulia vifaranga. Kuku wa kienyeji, ingokho zile za kweli, si wale weupe wanaokufa ukipiga chafya. Kina mama wa kikundi chetu wananiletea mayai, mimi nawarudishia vifaranga, wanawafuga ili Desemba watu wakirudi kutoka Nairobi wawakute wameiva. Usipoangua mapema, Desemba inakupita. Mashine yangu ni sanduku la mbao lenye taa za joto, na akili yake ilikuwa bodi fulani ya bei rahisi. Stima ilipokuja siku moja kama mlevi yule, bodi ikaungua. Nikabaki nawasha na kuzima taa kwa mkono, jicho kwenye kipimajoto. Kuosha mtoto, jicho kwenye kipimajoto. Siku moja Mmbone alipandwa na homa, nikamkimbiza zahanati, kurudi mayai yote ya mama mmoja mzee wa kikundi yalikuwa yamepikwa. Hakunitukana. Aliyabeba akayapeleka kwa mbwa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mama yangu yuko Lugari. Kila akipiga simu anasema maneno yale yale: "Rudi. Mahindi yanataka mikono." Mtu akikuambia hivyo anamaanisha umeshindwa. Nikishindwa na mashine, nafungasha, na Mmbone anakua akijua kwamba mama yake alijaribu mji ukamtema. Basi nilimeza ile aibu ya sokoni nikaenda kwa Mwalimu. Nikamwambia nataka bodi ya kushika joto sawasawa, na ya kunipigia kelele stima ikipotea au joto likipanda, hata niwe nje naanika nguo.

"Rudi Ijumaa."

Nilirudi Ijumaa zote. Na siwezi kusema alikuwa amelala. Nilikuta bodi yangu imechorwa, imerudi kutoka ng'ambo, vipuri vimechaguliwa, vimelehemiwa, vimesimama wima kama wanafunzi wa gwaride. Nzuri, hata mimi niliiona nzuri. Ilikosa kitu kimoja. Palikuwa na matundu mawili wazi pembeni, ya baza. Baza ni kile kidubwana cheusi cha mviringo, kama kifuniko cha chupa, kinachopiga ile pii ya kutoboa kichwa.

"Mkwe ananiletea feki," alisema Mwalimu. "Hazilii."

Ijumaa iliyofuata: feki. Iliyofuata: feki. Nikamwambia, "Mwalimu, nipe hivyo hivyo. Nitakaa karibu na mashine."

"Bodi yenye tundu wazi ni bibi harusi asiye na jino la mbele. Haitoki kwangu."

"Mimi nimekubali bibi harusi huyo, Mwalimu. Meno yangu mwenyewe yamebaki kidogo kwa kusaga."

Hakucheka. Hakunisikia, kumbe.

Siku niliyojua, nilikuwa nimeingia na Mmbone mgongoni, na Mkwe alikuwa amefika na sanduku. Mama wa nywele alikuwa ameleta chai. Mwalimu akachukua baza mpya, akaishika kwa kibano, akagusisha miguu kwenye betri.

Jamani. Ililia pii mpaka meno yakaniwasha. Mmbone alijitupa nyuma akaziba masikio akaanza kulia. Mbwa wa duka la dawa alitoka mbio. Mama wa nywele aliangalia chai. Mkwe aliangalia vidole vya miguu yake. Na Mwalimu ameshika lile lipii mbele ya pua yake, uso umetulia kama mtu anayesali, akatikisa kichwa.

"Kimya," akasema. "Feki."

Akaitupa kwenye mkebe wa kurudishiwa Mkwe. Mkebe ulikuwa umejaa.

Nilifungua mdomo. Mkwe akakohoa, akasema, "Mama Mmbone, njoo unisaidie na pikipiki," na pikipiki haikuwa na shida yoyote. Nje akasimama karibu na magunia ya chakula cha kuku, anakunjakunja kofia.

"Zile zote ulizorudishiwa," nikamuuliza, "zilikuwa nzima?"

"Zote, dada."

"Na umenyamaza?"

"Ni baba mkwe wangu." Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake. "Nimwambie nini? Kwamba ameharibika mahali? Mkwe hasemi hayo. Nikisema leo, kesho siwezi kuketi kwake, na binti yake hawezi kulala kwangu kwa amani. Nikaona nilete nyingine tu. Labda nitapata yenye sauti nene."

"Na huyu mama wa nywele?"

"Anamwogopa. Alikuwa mwanafunzi wake."

"Na mimi mayai yangu?"

Na hapo ndipo hasira ilinipanda, ile inayoanzia magotini. Mji mzima unamtunzia mzee heshima yake, na anayeilipia ni mimi, kwa mayai. Heshima ya bure hiyo! Kila mtu anaenda kulala akijiona ana adabu, na mimi nafungasha kurudi Lugari kwa sababu ya adabu yao.

Nikaingia. Mkwe nyuma yangu, "Dada, dada, tafadhali."

"Mwalimu, baza inalia."

"Nani kakuambia?"

"Haihitaji kuambiwa. Inalia mpaka mbwa ametoroka."

Akanitazama mdomo. "Sema vizuri."

Nikasema vizuri. Nikasema kwa sauti nene kama ya mwanamume. "Inalia! Zote zililia! Mtoto anaziba masikio. Huyu mama anaziba akirudi kwake, muulize. Mkwe wako anazirudisha Mumias nzima!"

Mkwe aliinama kabisa, kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Wewe," akasema Mwalimu polepole, "ulianguka fizikia."

"Nilianguka. Lakini nasikia." Mdomo wangu ukishaanza hauna breki, mama yangu ni shahidi. "Uliniambia sokoni sikusoma maandishi. Sawa. Na wewe umepima kila kitu humu ndani, umenusa, umekodolea macho, kipande kimoja tu hukukipima. Ni sikio lako, Mwalimu. Hicho ndicho kimekufa."

Mama wa nywele alisema "Yesu" akatoka na chai yake.

Mwalimu hakupandisha sauti. Aliingiza kibano kwenye mkebe, akatoa baza moja. Akaigusisha kwenye betri. Halafu akafanya kile anachofanyia rilei: akaikandamiza kwenye mfupa wa taya, akafumba macho. Ilikuwa inalia, Mmbone yuko shingoni mwangu anapiga kelele, na niliona uso wa Mwalimu ukibadilika taratibu, kwa sababu mfupa ulikuwa unatetemeka na sikio halina habari. Akaiweka chini. Akachukua nyingine. Akaweka taya. Akachukua nyingine.

Halafu akafuta kioo chake cha kukuza kwa ncha ya koti, akasema maneno aliyokuwa anatuambia kengele ikigonga: "Darasa limekwisha."

Nilitoka bila bodi.

Nataka kuwa mkweli kuhusu siku zilizofuata: sikumhurumia. Watu wanapenda kusikia kwamba ulienda nyumbani ukawaza juu ya uzee wa mtu. Mimi nilienda nyumbani nikawasha na kuzima taa. Kikundi kilianza kupungua. Mmoja alipeleka mayai kwa mwenye mashine wa Ekero, mwingine akasema kuku wake wamekataa kutaga, na nilikuwa naona maganda ya mayai kwake. Wakabaki wawili, akiwemo yule mama mzee wa mayai ya mbwa. Alileta mengine, akayaweka chini karibu na mashine. Kama haya nayo yangeharibika, nilikuwa nimeshajua gunia gani litabeba sufuria.

Ndipo asubuhi moja, nasonga uji wa Mmbone, mlango ukatiwa giza. Koti la suti.

"Wewe wa Dirishani."

"Mwalimu."

Hakuketi. Alikuwa amebeba bodi yangu na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Akapiga magoti mbele ya mashine, koti na yote, akaanza kuunganisha. Pale kwenye matundu ya baza hapakuwa na baza. Palitoka waya mbili mpaka kwenye kijiti cha chuma, kile kinachoruka ndani ya kufuli za milango ya umeme ukibonyeza. Alikuwa amekifunga kikiangalia mkebe.

"Nimebadilisha uamuzi," akasema. "Wa kiufundi."

"Wa kiufundi," nikasema.

"Hiki nimekipima kwa mkono. Na kwa taya. Na Mkwe amesimama barabarani akanipungia kofia, kwamba sauti inafika." Akakaza skrubu. "Nimemnunulia kikombe chake, akija aketi."

Nikadhani sasa ndio msamaha unakuja, nikajiandaa kuukataa. Lakini aligeuka akaniangalia mdomo, akauliza, "Asubuhi ukiamka. Ndege bado wanalia?"

"Wanalia sana, Mwalimu," nikasema kwa ile sauti nene. "Wanachosha."

"Aa." Akairudia kazi. "Basi hawakuuzwa."

Alipomaliza alichomoa waya wa stima ukutani. Taa zikazimika ndani ya sanduku, betri ndogo ikashika zamu, na kile kijiti kikaanza kugonga mkebe: ko, ko, ko. Kinatulia. Ko, ko, ko. Haikuwa kengele hata kidogo. Ilikuwa mtu mlangoni, mgeni mwenye adabu ambaye haondoki.

Mmbone akatoa kijiko mdomoni, akageukia mlango, akapaza sauti: "Karibu!"

Mwalimu alicheka. Miaka yote ile sikujua ana meno mengi hivyo. Akarudisha waya, taa zikawaka juu ya mayai ya wale mama wawili, joto likapanda likasimama pale pale linapotakiwa, bila mimi kugusa kitu. Nilikaa chini.

Akafuta vumbi kwenye suruali, akatia kibano mfukoni. "Kisipogonga, rudi Ijumaa," akasema, akatoka, akiinama vile vile, anatafuta sindano yake katikati ya njia.

Nilisimama mlangoni nikimtazama mpaka karibu na mfereji. Nikasema asante. Niliisema mara moja tu, kwa ile sauti yangu ya juu kabisa, nyembamba, nyembamba kama baza, ambayo najua hawezi kuisikia.